Mayai ya Kishingo

Simu ya Pretty ilimkuta Mzee Eustache kwenye makutano ya Sonatubes, gunia dogo la pumba limeegemea mguu wake, akipatana nauli na mwendesha pikipiki.

"Papa, rudi nyumbani," mkwewe alisema kwa sauti ndogo. "Nimevunja yai kwenye kikaango. Ndani mna jicho."

"Yai gani?"

"La kuku wa kahawia. Yule wa nyuma ya makaa."

Mzee hakuuliza zaidi, wala hakuendelea kupatana. Alivaa kofia ya abiria, akapakata pumba zake, akamwambia mwenye pikipiki amfikishe Kabeza, na kama anajua njia fupi kuliko barabara ya uwanja wa ndege, leo ndiyo siku ya kuionyesha.

Njia nzima aliwaza jambo moja tu: yai lililokwisha kupata joto la kuku linaweza kuvumilia ubaridi kwa muda gani kabla kilichomo ndani hakijafa. Aliwahi kusikia kwamba linavumilia kiasi, maana hata kuku mwenyewe hushuka kwenda kula na kujisaidia. Lakini kiasi ni kiasi. Na siku ile upepo ulikuwa wa baridi, wingu limeinama juu ya Kanombe.

Hayakuwa mayai ya kukaangwa yale. Yalikuwa ya kishingo, kuku wasio na manyoya shingoni, ambao marehemu mkewe Kayitesi aliwaleta kutoka Bujumbura ndani ya tenga siku familia iliporudi Rwanda. Watu kwenye lori walibeba magodoro. Kayitesi alipakata jogoo na mtetea. Tangu siku ile uwanja wa Mzee Eustache haukukosa kishingo. Majirani waliwacheka, wakisema ni kuku waliokwisha kunyonyolewa kabla ya sikukuu, lakini wakiugua wa kwao walikuja kuomba mbegu. Kayitesi alipofariki, mzee aliwatunza kuku wale kama mtu anayetunza taa isizimike.

Halafu ikaja mvua kubwa ya masika. Maji ya bati la jirani yake, Mama Kenny, yalishuka kwa bomba lililoelekezwa ukutani, yakauruka ukuta, yakalipiga banda lake la tofali mbichi. Alfajiri mzee alikuta upande mmoja umelala chini, na jogoo na mitetea wote wa kishingo wakiwa chini yake. Walipona kuku wawili wa kawaida tu, waliolala upande wa pili. Mayai ya mwisho ya kishingo yalikuwa chumbani kwake, kwenye kikapu cha pumba. Kuku wa kahawia alipoanza kukoroma na kuvimbisha manyoya, mzee alimtandikia nyasi kwenye beseni la zamani nyuma ya magunia ya makaa, akayatia mayai alama ya msalaba kwa kipande cha mkaa, akamwekea.

Wala hakumwambia mtu. Katika nyumba aliyolelewa, kuku aliyelala hatangazwi. Kuku anayesemwa hutotoa viza. Ndiyo maana mwanawe Arnaud hakujua, na Pretty, mke wa Arnaud, aliyekulia Kampala na asiyeamini mambo ya kijicho, hakujua pia.

Alimkuta Pretty amesimama katikati ya uwanja, kitambaa cha jikoni mkononi. Kwenye mpera limening'inizwa kreti la soda la plastiki, lililofungwa juu kwa waya, na ndani yake kuku wa kahawia, ameloa chepechepe, anahangaika huku upepo ukimpiga tumboni kupitia matundu ya kreti.

"Umemfanya nini?"

"Nimemtoa uvivu, Papa. Kwenye kundi letu la simu wanasema kuku akiganda kiotani unamchovya kwenye maji, unamtundika apate upepo chini, baada ya siku mbili tatu anarudi kutaga. Nilijua amejificha huko anakalia mayai yetu bure."

"Na ule mkaa juu ya mayai?"

"Nilidhani ni masizi. Yalikuwa nyuma ya makaa, Papa. Ungeniambia."

Mzee aliuendea mpera. Alilishusha kreti, akamfuta kuku kwa shati lake, akamrudisha kwenye beseni la nyasi alikokuwa. Kuku alisimama juu ya mayai kama mtu aliyesimama juu ya kokoto, akapiga kelele, akaruka. Alimrudisha tena, akamfunika kwa kikapu. Ndani ya kikapu kulizuka vita. Alipofunua, yai moja lilikuwa na ufa, na kuku akakimbilia mlangoni bila kugeuka nyuma. Joto lilikuwa limemtoka. Kuku akishatoka kwenye kulalia, humbembelezi.

Mzee aligusa mayai yaliyobaki. Hayakuwa baridi kama jiwe, lakini hayakuwa na joto la kujivunia.

"Yaweke mwilini," alisema.

"Papa?"

"Yafunge kwa kitenge, uyaweke kifuani, juu ya ngozi. Mimi ni mzee, damu yangu imepoa. Nitageuka."

Akageuka akatazama ukuta, maana mkwe ni mkwe hata siku ya msiba. Nyuma yake alisikia kitenge kikifunguliwa na kufungwa, na Pretty akinung'unika kwamba mama yake alimlipia ada ya chuo kikuu ili aje kuwa kuku.

Mzee hakucheka. Masikio yake yalikuwa ng'ambo ya ukuta. Huko, kwa siku kadhaa, alikuwa akisikia mkoromo mzito wa kuku anayetaka kuatamia. Kok, kok, kok, kisha kimya kirefu. Kuku wa Mama Kenny.

"Hapana," alisema Pretty, aliyekuwa akitazama alikotazama mzee. "Kesho ndiyo Jumanne, Papa."

"Najua siku za wiki."

Jumanne ndiyo siku ya inteko, baraza la wakazi, na shauri la kwanza lilikuwa lake dhidi ya Mama Kenny. Mutsinzi, mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wao, ambaye watu wote walimwita Mudugudu kana kwamba ndilo jina la ubatizo, alikuwa amekwisha mwamuru Mama Kenny aligeuzie bomba uwanjani kwake mpaka shauri lisikilizwe. Aligeuza, kwa waya na kwa matusi. Lakini mzee hakutosheka. Aliomba watu wa sekta, ngazi ya serikali iliyo juu ya mudugudu, waje kulitazama bomba kwa macho yao. Na kila mtu wa mtaa ule alijua kwamba nyuma ya nyumba ya Mama Kenny kuna chumba kilichojengwa bila kibali, ambacho alitaka kukipangisha. Watu wa sekta hawaji kutazama bomba wakaacha kuona chumba. Mzee Eustache alilijua hilo vizuri sana siku alipowaomba.

Alivaa koti. Pretty akamfuata, mikono ameikunja juu ya kifua kama mtu anayesikia baridi.

Mama Kenny, ambaye jina lake hasa ni Mukabalisa, alifungua geti mwenyewe. Siku hiyo hakuwa ameenda Gitega, ng'ambo ya mji, kwenye biashara yake ya ndoo na mabeseni ya plastiki. Alikuwa mjane mnene wa mabega, aliyekulia Karagwe. Yeye na Mzee Eustache walisalimiana kwa Kinyarwanda. Ugomvi wao ulikuwa wa Kiswahili, cha mama cha Karagwe na cha mzee cha Bujumbura, na kila mmoja aliona cha mwenzake kimepinda.

"Baba Arnaud. Umekuja kupima bomba?"

"Nimekuja kuomba kuku."

"Kuku wa kula?"

"Wa kulalia. Nina mayai yanayopoa."

Mama Kenny alimtazama yeye, akamtazama Pretty, akatazama mikono ya Pretty ilivyokaa. "Yako wapi hayo mayai?"

"Mwilini mwangu, mama," Pretty alisema. "Tafadhali msibishane sana, naogopa kupumua."

Pikipiki ilipita nje. Mzee alisikia kuku akikoroma mahali fulani nyuma ya nyumba, na kila mkoromo ulimpita mwilini kama sindano.

"Ni ya kishingo?" Mama Kenny aliuliza.

"Ya mwisho."

"Wale walioangukiwa?"

"Wale walioangushiwa ukuta na maji yako, ndiyo."

Pretty alifumba macho. Mama Kenny alivuta geti likafunguka zaidi, akatangulia.

Wakazunguka nyumba. Mzee alipoona wanakoelekea, alipunguza mwendo. Kuku mweusi alikuwa amelala kwenye kona ya kile chumba, juu ya beseni lililotandikwa majani makavu. Chumba hakikuwa na mlango bado, wala kizingiti. Sakafu yake ilikuwa sawa na ardhi ya nje. Tofali mpya, mabati mapya. Chumba ambacho, kwa mujibu wa sekta, hakikuwepo.

"Alikichagua mwenyewe," Mama Kenny alisema. "Nilimtoa mara nyingi. Nilimpa kiota jikoni, akakikataa. Kesho nilikuwa namtia kwenye mfuko nimpeleke sokoni."

"Tunaweza kumhamisha?"

"Wewe ndiye fundi wa kuku. Unaweza?"

Hakuweza, na wote wawili walijua. Kuku aliyejichagulia mahali, ukimhamisha mchana, humkuti alipo jioni.

Mzee alipiga magoti taratibu, kwa vipande. Alipeleka mkono chini ya kuku mweusi. Kuku alivimba akawa mkubwa mara mbili, akakoroma, akamdonoa kwenye kifundo cha mkono mpaka damu ikatoka. Tumbo lake lilikuwa tupu bila manyoya, moto kama kikombe cha chai. Mzee alishusha pumzi. Akanyoosha mkono wa pili nyuma bila kutazama, na Pretty akawa anampa mayai moja moja, yakiwa na uvuguvugu wa mwili wake, na yeye anayaingiza chini. Kila yai kuku alilipokea kwa mdomo, akalivuta ndani, akajishusha, akatikisa ubavu, akashusha tena. Yai la mwisho lilipoingia aliweka kidevu chake kwenye ukingo wa beseni na kunyamaza.

"Amekubali," Pretty alinong'ona.

Mzee alibaki pale kwa magoti. Kilichofuata kilikuwa kigumu kuliko kupiga magoti.

"Mama Kenny. Tufanye kuragiza. Kuku wako, mayai yangu. Vikitoka, nusu yako nusu yangu."

Kwa watu wa rika lake hilo halikuwa neno la biashara. Mtu aliyekuragizia mnyama, mkagawana mzao, humsimamii barazani ukamtia hatiani. Mmekula pamoja kabla ya kula. Mama Kenny alilielewa neno kwa uzito wake wote, ndiyo maana alicheka bila kuonyesha meno.

"Sitaki nusu."

"Chukua hata robo."

"Sitaki hata unyoya. Kesho nikisimama pale na nusu ya vifaranga vyako, watasema Mukabalisa amemnunua mzee kwa kuku. Na wewe ukinyamaza, watasema umenunulika. Vyote ni vyako. Nenda kesho kaseme ulichokusudia kusema."

"Huwezi kunitunzia bure."

"Naweza. Nimemzika mume, nimelea watoto, nitashindwa kumwekea kuku maji?" Akaegemea tofali zake mpya. "Ila kesho ukiwaita watu wa sekta waje kubomoa, waambie wainue miguu. Mayai yako yamo ndani."

Mzee alisimama, akashika ukuta. Njiani kurudi Pretty alisema mama yule ni mkali. Mzee akasema, si mkali, ana kiburi. Pretty akasema anamfahamu mtu mwingine wa namna hiyo, akaingia ndani kutafuta blauzi safi.

Kesho yake asubuhi wingu la Kanombe lilipasuka.

Mzee alikuwa kwenye kibaraza cha nyumba akinyoosha kwa pasi kola ya shati atakalovaa kwenye inteko, akikariri maneno yake. Matone ya kwanza yalipogonga bati aliinua kichwa. Mvua haikuanza kidogo kidogo, ilimwagwa. Katika dakika chache hakusikia tena redio. Ndipo akasikia sauti nyingine, ile anayoijua, sauti ya maji mengi yakitoka kwenye bomba. Lakini safari hii hayakuwa yakianguka upande wake.

Alisimama na pasi mkononi. Bomba lilikuwa limeelekezwa uwanjani kwa Mama Kenny. Uwanja ule unateremka kuelekea nyuma. Na kile chumba hakikuwa na kizingiti.

"Pretty. Mpigie simu jirani."

Pretty alipiga. Ililia mpaka ikakatika. Mama Kenny alikuwa Gitega, na kwenye mvua kama ile nani angesikia simu katikati ya ndoo za plastiki? Mzee alikimbia hadi kwenye geti la Mama Kenny, akakuta kufuli kubwa. Alirudi, akaburuta pipa hadi ukutani, akalipanda. Alikuwa na umri ambao watu hupumzika, na pipa lilikuwa linateleza. Alipochungulia upande wa pili aliona maji mekundu ya udongo yamejaa uwanjani, yanazunguka, yanatafuta njia, na ulimi wake wa mbele umekwisha lamba mlango wa chumba. Ndani gizani hakuona kuku. Aliona tu ukingo wa beseni, na maji yanalisogelea.

Bomba lilikuwa limefungwa kwa waya kwenye msumari, karibu na mkono wake. Waya wa Mama Kenny, uliokazwa kwa hasira, unakaza kweli. Aliusokota mpaka ukamkata kidole. Nyuma yake Pretty aliita kitu asichokisikia. Waya ukaachia. Akashika bomba kwa mikono miwili, akalivuta juu ya ukuta, na maji yote ya bati la jirani yakampiga kifuani.

Karibu aanguke. Alilishikilia, akalielekeza chini, kwenye uwanja wake.

"Papa," Pretty alikuwa chini yake, mwavuli umepinduka, "unalielekeza kwenye banda."

"Watoe kuku."

"Ukuta wa banda bado mbichi, Papa. Arnaud amemaliza kuujenga upya juzi."

"Watoe kuku, mwanangu."

Pretty alikimbia, akatoka na kuku mmoja kila kwapa. Ukuta mpya ulistahimili kidogo. Kisha ukalowa chini, ukapiga magoti, ukalala. Mzee aliutazama ukienda, na hakuliachia bomba mpaka alipoona, ng'ambo, kwamba yale maji ya mlangoni yamesita, na yameanza kurudi nyuma.

Akafunga bomba kwa waya ule ule, likiwa limeelekea kwake.

Mchana jua lilitoka kana kwamba halikuhusika. Baraza lilikaa kwenye uwanja mbele ya ofisi ya mudugudu, watu wakiwa wamepangusa mabenchi kwa vitambaa. Mzee Eustache alikaa mbele, na shati kavu, na kidole kimefungwa. Hakujua kama kuku amebaki kiotani au ametishwa na maji akatoka. Hakujua kama beseni liliingia maji kabla hajafika. Mama Kenny alifika mwishoni, moja kwa moja kutoka Gitega, viatu vina tope, hajapita nyumbani. Walitazamana juu ya vichwa vya watu. Yeye naye hakujua.

Mutsinzi alisimama. Alikuwa mtu mpole ambaye hakupenda kelele, na kwa sababu hiyo alipokasirika watu walinyamaza upesi.

"Shauri la bomba," alisema. "Nilitoa amri ndogo tu. Nilimwambia Mama Kenny aligeuzie kwake mpaka tuzungumze. Leo baada ya mvua nimepita mwenyewe nyumbani kwa mzee. Geti lilikuwa wazi. Nimeona bomba linamwagia uwanjani kwake, na banda lake liko chini tena. Mara ya pili." Akamgeukia Mama Kenny. "Nilitaka tumalize hapa kati yetu. Sasa naona sina budi. Kesho nitawaleta watu wa sekta."

Watu waliguna. Mama Kenny alisimama polepole, mkono kifuani.

"Mudugudu, bomba niliacha limeelekea kwangu. Nilifunga kwa mikono hii."

"Basi limejigeuza?"

"Sijui limegeuzwaje." Kisha aligeuka kumtazama Mzee Eustache, na mzee aliona jinsi uso wake ulivyobadilika. Alikuwa ameelewa, na ameelewa vibaya. Alidhani mzee amepanda ukuta akaligeuza ili ashinde shauri. Jana amempa kuku wake, leo amechimbiwa shimo. Aliinua kidevu tu, kama mtu anayengoja kofi.

Ilikuwa rahisi kukaa kimya. Mzee hakuhitaji hata kusema uongo. Angekaa pale na kidole chake, na shauri lingejimaliza lenyewe. Na kesho watu wa sekta wangekuja na viatu vyao, wakaingia kwenye chumba kisichokuwepo, ambamo, kama Mungu alipenda, kuku mweusi bado amelala.

Na ili kusema kweli ilimpasa kutaja lile ambalo tangu utoto hakulitaja mbele ya watu. Kuku aliyelala hatangazwi. Lakini kimya kile kilikuwa kimekwisha kumtundika kuku mmoja kwenye mpera.

Alisimama.

"Bomba nimeligeuza mimi."

Mutsinzi alikunja paji la uso. "Upande wako mwenyewe, mzee?"

"Upande wangu mwenyewe."

"Likabomoa banda lako?"

"Likabomoa. Mkwe wangu ni shahidi. Alinikataza."

Nyuma watu walianza kucheka, mmoja akasema mzee amepata homa. Mutsinzi aliinua mkono.

"Kwa nini?"

"Kuku wa Mama Kenny ameatamia mayai yangu. Ya kishingo, ya mwisho. Maji yalikuwa yanaelekea kwenye kiota. Mwenyewe alikuwa Gitega, geti limefungwa."

Kicheko kilikatika. Mama Kenny alikuwa bado amesimama. Kidevu kilikuwa kimeshuka.

"Ala," Mutsinzi alisema. "Na kiota hicho kiko wapi?"

Hapo kila mtu alitazama viatu vyake. Hapakuwa na mtu kwenye mabenchi yale asiyejua uwanja wa Mama Kenny unateremka kuelekea wapi, na kuna nini mwisho wa mteremko. Mutsinzi mwenyewe alijua. Alisubiri jibu, na macho yake hayakumtoka mzee.

"Kiko mahali pakavu, Mudugudu," Mzee Eustache alisema. "Na mimi naomba pabaki pakavu. Shauri langu nalirudisha nyumbani. Maji tutayazungumza mimi na yeye, ukuta ni wetu."

Mutsinzi alimtazama kwa muda. Kisha akauliza kama kuna shauri jingine.

Walirudi njia moja bila kutembea pamoja. Mzee mbele, Mama Kenny nyuma kidogo, Pretty kati yao kama uzi. Kwenye geti Mama Kenny alihangaika na kufuli, funguo zikamponyoka. Mzee aliziokota. Wakazunguka nyumba. Tope lilikuwa limechora mstari mwekundu ndani ya chumba, likazunguka beseni, likaacha takataka na kifuniko cha soda. Majani ya chini yalikuwa yameloa.

Kuku mweusi alikuwa juu yake. Alipowaona alivimba, akakoroma.

Mama Kenny aliegemea tofali akatazama pembeni. "Kizingiti nitajenga," alisema. "Na tangi la kukinga maji ya bati nitanunua, si kwa sababu ya baraza."

"Sikusema kitu."

"Na banda lako atakuja fundi wangu."

"Fundi wako ndiye aliyesahau kizingiti."

Pretty alicheka, kisha akaziba mdomo.

Siku za kungoja zilipita bila mzee kuuliza. Alisimama tu ukutani jioni, akisikiliza. Siku nyingine hakusikia chochote, akalala vibaya. Tangi jeusi lilikuja juu ya pikapu. Kuku wa kahawia alirudi kutaga, na Pretty akawa kila yai analipindua kutazama kama lina msalaba kabla ya kulivunja.

Asubuhi moja mzee alikuwa akinawa uso alipoitwa kutoka ng'ambo.

"Baba Arnaud."

"Naam."

"Mengi yalikuwa viza."

Alishika ukingo wa beseni la maji. "Yote?"

"Vimetoka vitatu. Viwili vina shingo uchi kama padri aliyenyolewa, cha tatu sijui kimetoka kwa nani." Akanyamaza kidogo, na katika kimya kile mzee alisikia, chini kabisa, sauti nyembamba za vifaranga. "Sasa njoo uchukue nusu yako, mimi nimekwisha chagua yangu."